Maswali Yenu: Alama Zinazoachwa na Tetemeko kwenye Miamba ya Pwani

Katika toleo lililopita tulieleza tetemeko la Januari 1, 2024 katika rasi ya Noto, Japani, ambako bandari kadhaa za wavuvi zilibaki kavu kwa sababu ardhi ilipanda, na sehemu nyingine ilipanda kwa takriban mita 4. Barua zimekuja kwa wingi. Hizi hapa ndizo zilizogusa mambo ambayo wengi wenu mliuliza kwa namna moja au nyingine.

Mnasema ardhi ilipanda. Mbona hamsemi bahari ilishuka? Mtu aliyesimama ufukweni anaona jambo lile lile. — Msomaji, Mombasa

Ni kweli, anaona lile lile, na swali lako liliwahi kugombanisha wataalamu wakubwa. Mwaka 1822, Novemba, tetemeko lilipiga pwani ya Chile karibu na Valparaíso. Mwandishi Mwingereza aliyekuwa akiishi huko, Maria Graham, aliona chaza na kome wamebaki juu ya miamba, wamekufa na wananuka, mahali ambapo maji hayafiki tena. Akaandika kwamba pwani imeinuka futi 3 hadi 4. Miaka 12 baadaye, rais wa Jumuiya ya Jiolojia ya London, George Greenough, alisimama hadharani na kuutilia shaka ushahidi wake wote.

Mwaka uliofuata tu, Februari 20, 1835, Chile ikatikisika tena, safari hii karibu na Concepción. Nahodha Robert FitzRoy wa meli Beagle, ambayo Charles Darwin alikuwa abiria wake, alikwenda kisiwa cha Santa María akapima. Alikuta kome waliooza wangali wameshikilia mwamba futi 10 juu ya alama ya maji makuu. Wenyeji wa kisiwa walikuwa wakiwapata kome hao kwa kupiga mbizi, tena bamvua maji yakiwa yamepwa kabisa. Sasa wako juu kuliko kichwa cha mtu mzima.

Lakini jambo lililojibu swali lako hasa ni kwamba FitzRoy hakupima mahali pamoja. Ncha ya kusini ya kisiwa ilikuwa imepanda futi 8 (mita 2.4), katikati futi 9 (mita 2.7), na ncha ya kaskazini zaidi ya futi 10 (mita 3). Uso wa bahari haulali mshazari kwenye kisiwa kimoja kidogo. Kama maji ndiyo yangeshuka, alama zote zingekuwa kimo kimoja, Santa María na bandari zote za jirani. Shika kanuni hii, kwa sababu itarudi katika karibu kila jibu hapa chini: mstari ulioachwa na maji yaliyoshuka huwa sawa kila mahali, na mstari ulioinuliwa na tetemeko hupanda na kushuka ukiufuata ufuo.

Ama kwa nini ardhi inapanda: chini ya pwani ya Chile bamba la Nazca (bamba ni kipande kikubwa cha gamba la dunia) linajisukuma kuelekea chini ya bamba la Amerika Kusini. Mahali yanapogusana hukwama kwa miaka mingi. Bamba la juu hubanwa na ukingo wake huvutwa chini pole pole, mfano wa upondo uliokwama kwenye tope huku mashua inaendelea kusogea: unapinda, unapinda, na ukichomoka unaruka. Siku ya tetemeko ukingo ule huruka juu na kuelekea baharini. Nyuma yake, mbali kidogo na mpasuko, ardhi huzama badala ya kupanda. Alaska mwaka 1964 (Machi 27, ukubwa wa 9.2) kisiwa cha Montague kilipanda takriban mita 10, huku maeneo mengine yakizama hadi kama mita 2 na misitu ya ufukweni ikafa kwa maji ya chumvi. Sumatra mwaka 2004 visiwa vya nje vilipanda, Banda Aceh ikazama. Kwa hiyo usishangae ukisikia tetemeko moja limeinua kijiji hiki na kuzamisha kile.

Ardhi ikishapanda, inabaki huko juu? — Mwanafunzi, Tanga

Mara nyingine inabaki. Napier, New Zealand, ilipanda mita 2.7 hivi Februari 3, 1931. Wangwa wa Ahuriri ukakauka, na leo uwanja wa ndege wa mji huo uko juu ya ile iliyokuwa sakafu ya maji.

Santa María ni habari nyingine. Baada ya 1835 kisiwa kilianza kuzama tena taratibu, kwa kuwa bamba lilikwama upya na ukingo ukaanza kuvutwa chini. Hadi Februari 2010 kilikuwa kimeshuka takriban mita 1.4. Ndipo likaja tetemeko la Maule, ukubwa wa 8.8, na kukiinua tena kati ya mita 1.6 na 2.2. Piga hesabu mwenyewe: sehemu kubwa ya kile kinachopandishwa kwa dakika mbili hurudishwa chini kwa karne mbili, na kinachobaki ni salio dogo. Salio hilo likirudiwa mara nyingi ndilo linalojenga vidato vya pwani, ufukwe wa kale juu ya ufukwe wa kale, kama unavyoonekana Turakirae Head kusini mwa Wellington, ambako kingo za kokoto zimepangana na moja wapo ni ile iliyoinuliwa mita 6.4 hivi na tetemeko la Wairarapa la 1855.

Shikamoo Mhariri. Mimi nasomea upimaji wa ardhi. Naomba mnieleze kwa hatua jinsi kimo cha kupanda kinavyopimwa kwa kutumia viumbe wa kwenye mwamba, na makosa ya kuepuka. — Msomaji, Dar es Salaam

Marahaba. Swali lako ndilo tutalolikalia zaidi, maana hapa ndipo watu wengi huandika namba ambazo hazina maana.

Msingi wake ni huu. Kila kiumbe cha mwambani ana ghorofa yake. Barnakli, vile vijigamba vyeupe vikali vyenye umbo la mlima wa volkano, vinavyochana nyayo na kuganda kwenye nguzo za gati, huishi hadi kimo fulani tu. Juu ya hapo jua na ukavu huwaua. Chini yao huja kome, chini zaidi mwani, na chini kabisa ule mwani mgumu wa rangi ya waridi unaojipaka juu ya jiwe kama rangi ya ukuta. Mpaka wa juu wa kila kundi huwekwa na muda ambao kiumbe anaweza kuvumilia kuwa nje ya maji, kwa hiyo umefungwa na kujaa na kupwa. Ukiinua mwamba, mpaka huo unainuka nao, na viumbe wake wanakufa wakiwa pale pale. Baada ya tetemeko la Maule mwani ule wa waridi ulipauka ukawa mkanda mweupe unaoonekana kwa mbali kwenye majabali ya Chile, na wapimaji waliutumia. Alaska, mwanajiolojia George Plafker na wenzake waliutumia mpaka wa barnakli katika mamia ya sehemu, na kwa namba hizo wakachora ramani ya mahali palipopanda na palipozama.

Sasa kazi yenyewe. Unahitaji tepu ya mita 5, ubao wa kupimia ulionyooka, daftari, saa sahihi, jedwali la kujaa na kupwa la bandari ya karibu, na chombo cha kusawazisha. Kama huna levo ya wapimaji, mpira ule wa kuonyesha maji ambao mafundi hutumia kusawazisha msingi unatosha. Wenye mita 10 hadi 15 ni mzuri. Uujaze taratibu kutoka upande mmoja na uhakikishe hakuna hata kiputo kimoja, kwa sababu kiputo kitakupa tofauti ya sentimita kadhaa na hutaijua. Usizizibe ncha wakati wa kusoma.

Chagua mwamba wa mama, yaani ulioshikamana na ardhi. Jiwe kubwa lililolala ufukweni huenda limebingirika siku ya tetemeko, na kimo chake hakina maana. Tafuta upande uliojificha na mawimbi. Tafuta mpaka wa juu wa kiumbe mmoja uliyemchagua, usichanganye wawili. Usihesabu yule mmoja aliyejificha kwenye ufa wenye kivuli, mita nusu juu ya wenzake. Unatafuta mahali ambapo kundi lenyewe linaishia. Pima kutoka mpaka huo hadi uso wa maji, andika saa na dakika. Kwa kuwa maji hayatulii, yaangalie kwa dakika chache katika mfereji mwembamba wa mwamba, chukua kimo cha juu na cha chini mara kadhaa, kisha chukua wastani. Rudia sehemu 10 katika mita 50 hivi za ufuo, na uandike zote.

Chukua mfano. Saa 4:40 asubuhi jedwali linasema maji yako mita 0.9 juu ya sifuri ya ramani, yaani kimo ambacho ramani ya bahari huanzia kuhesabu. Mpaka wa barnakli waliokufa uko mita 3.1 juu ya maji. Basi uko mita 4.0 juu ya sifuri. Kwenye pwani ya jirani ambayo haikupanda, mpaka wa barnakli wa aina ile ile, upande uliojificha vile vile, uko mita 2.8 juu ya sifuri. Ardhi imepanda mita 1.2. Baada ya mwaka mmoja au miwili barnakli wapya watakuwa wamejipanga kwenye mwamba ule ule kwa kimo chao kipya; hapo utapima mpaka wa zamani hadi mpaka mpya moja kwa moja, na jedwali hutalihitaji. Kipimo hicho ndicho bora kuliko vyote. Rudi ukifanye.

Makosa ni mengi, na karibu yote yanaingia kimya kimya. La kwanza, mawimbi: upande unaopigwa na bahari, viumbe wale wale huishi juu zaidi, hata nusu mita au zaidi, kwa sababu rasharasha huwafikia. Ukilinganisha upande wa nje wa mwamba mmoja na upande wa ndani wa mwingine, umepima mawimbi. La pili, kipimo cha maji cha bandarini: kama bandari yenyewe imepanda, kipimo kimepanda nayo, na kitasoma maji pungufu. Jedwali la utabiri lilitengenezwa kwa ardhi ya zamani, na hilo ndilo la kutumia, ukijua kwamba siku za mwanzo mawimbi ya tsunami na mitikisiko ya maji ndani ya ghuba huweza kuliharibu. La tatu, hali ya hewa: mgandamizo wa hewa ukishuka kwa hektopaskali 1, bahari huinuka karibu sentimita 1, na upepo wa kuelekea nchi kavu huongeza juu yake. Pima siku tulivu.

La nne ni simu. Simu itakupa vizuri mahali ulipo kwenye ramani, lakini kimo chake hukosea kwa mita kadhaa. Tumeona ripoti zenye picha nzuri na kimo cha simu, na hazifai kitu. La tano, kuchelewa. Kome hufa kwa siku chache na maganda yao huporomoka. Mkanda mweupe wa mwani hufifia na kuoshwa. Maganda ya barnakli hudumu zaidi, miaka kadhaa. Na la sita, kuandika matokeo kama namba moja. Andika namba ya katikati na upana wake: mita 1.2, kati ya 1.0 na 1.4. Kwa njia hii huwezi kudai sentimita 5, hata ukipima kwa uangalifu wote duniani, hasa pwani yenye kujaa na kupwa kukubwa.

Nimeona picha kutoka Krete: jabali la chokaa lina mstari uliochimbika juu kabisa ya kichwa cha mtu, na chini yake matundu laini kama yametobolewa na keekee. Nani aliyatoboa? — Msomaji, London

Mnyama. Ni kome wa jenasi Lithophaga, jina ambalo kwa Kigiriki ni mla mawe, ingawa jiwe halimlishi. Hutoa majimaji yanayoyeyusha chokaa, akajichimbia nyumba ya umbo la sigara, na kukaa humo maisha yake yote akichuja maji. Huishi chini ya maji tu. Kwa hiyo mahali matundu yanapoishia kwa juu, hapo palikuwa karibu na uso wa bahari, na mstari uliochimbika juu yake uliliwa na maji pale pale.

Pwani ya magharibi ya Krete ndiyo mahali pazuri pa kuisoma elimu hii, na sababu yake wengi huisahau: Bahari ya Mediterania haina kujaa na kupwa kwa maana ya kwetu, ni makumi machache ya sentimita tu. Viumbe hujipanga katika ukanda mwembamba na mstari unatoka mkali. Kwenye kona ya kusini-magharibi mstari huo uko mita 9 juu ya bahari. Ukielekea kaskazini hadi Phalasarna, mji wa kale uliokuwa na bandari iliyochongwa, uko kama mita 6.5, na bandari hiyo leo ni nchi kavu. Ukienda mashariki unateremka na kupotea. Mstari ulioinama. Nahodha Thomas Spratt wa jeshi la maji la Uingereza aliuona na kuupima katika miaka ya 1850, naye akasema ardhi ndiyo iliyopanda.

Wataalamu wengi huuhusisha na tetemeko la Julai 21 mwaka 365, ambalo tsunami yake ilipiga Alexandria. Mwanahistoria Ammianus Marcellinus aliandika jinsi bahari ilivyorudi nyuma hadi samaki wakabaki topeni, kisha ikarudi na kutupa meli juu ya mapaa. Wako watafiti wa miaka ya karibuni wanaosema kupanda huko kulitokea kwa matetemeko kadhaa ya karne zile za mwanzo. Ugomvi unasimama juu ya tarehe, na tarehe zinasimama juu ya maganda. Hapa pana mtego: Lithophaga akijenga ganda lake huchanganya kaboni ya maji na kaboni ya jiwe analoliyeyusha, na jiwe hilo ni la mamilioni ya miaka. Kipimo cha umri kwa kaboni kitamwonyesha ana umri mkubwa kuliko wake halisi. Matumbawe madogo yaliyoota kwenye mwamba huo huo hayana kasoro hiyo. Ukisoma tarehe ya mstari wowote ulioinuka, uliza kwanza imetoka kwa mnyama gani.

Huku kwetu Unguja miamba imeliwa chini ikabaki kama uyoga. Na ufukweni Kilifi nimeona jabali zima la matumbawe, juu ya maji. Ni tetemeko gani lilifanya hivi? — Msomaji, Zanzibar

Hakuna. Na tunafurahi umeuliza, kwa maana tumesoma mara nyingi maelezo yanayosema kinyume.

Jabali hilo ni mwamba wa matumbawe wa kale, wa takriban miaka 125,000 iliyopita, wakati dunia ilikuwa na joto zaidi kidogo kuliko karne zilizopita, barafu ya Greenland na Antaktika ilikuwa pungufu, na bahari ilisimama mita 6 hadi 9 juu ya ilipo leo. Matumbawe yaliota hadi kimo hicho. Kisha enzi ya barafu ikaja, na miaka 20,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa chini ya leo kwa karibu mita 120. Ikarudi, na sasa inaukata mwamba wake yenyewe. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imesimama juu ya mwamba huo.

Ule ulaji wa chini, lile kwapa la mwamba, unafanyika leo. Maji huyeyusha, konokono na wenzao hukwangua mwani kwa meno na kuondoka na chembe za jiwe, mawimbi husafisha. Bamvua yetu hupanda na kushuka karibu mita 4, ndiyo maana kwapa la huku ni pana na mviringo, si mstari mkali kama wa Krete. Ithibati iko katika kanuni ya FitzRoy: fuata mwamba huo kutoka Kenya hadi Tanzania, kimo chake hakiruki mita kadhaa kati ya ghuba na ghuba. Tena pwani yetu haiko kwenye ukingo ambapo bamba moja linaingia chini ya jingine. Ukitaka kushawishika kuwa kwapa fulani limeinuliwa, lazima likae juu ya kimo cha maji ya leo, likiwa na viumbe waliokufa wa ghorofa ya chini ndani yake, na kimo chake kibadilike ukitembea.

Kwenye mawe ya Ziwa Tanganyika kuna alama za maji juu sana. Wazee wanasema ziwa liliteremshwa na tetemeko. — Msomaji, Kigoma

Bonde la Ufa lina matetemeko ya kweli, na lile la Rukwa la Desemba 1910 lilikuwa kati ya makubwa kabisa kurekodiwa Afrika. Lakini alama hizo nyingi zina maelezo mengine. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Katikati ya karne ya 19 mlango huo ulikuwa umezibwa na mchanga na matete, na ziwa likawa linapanda. Mwaka 1878 hivi maji yalivuka na kuusomba uzibe huo, na kufikia mwisho wa karne ziwa lilikuwa limeshuka takriban mita 10.

Pima alama yako Kigoma, na ndugu yako apime yake Bujumbura au Kalemie, kila mmoja kutoka uso wa ziwa siku moja. Zikiwa sawa, ni maji.

Nimesoma kwamba matumbawe ya Indonesia yana kumbukumbu za matetemeko ya karne nyingi. Yanawezaje? — Mwalimu, Nairobi

Kwa sababu tumbawe la jenasi Porites, likiota kwenye maji machache, hupanda hadi kimo ambacho maji yakipwa kabisa humfichua, na hapo sehemu ya juu hufa. Halifi lote. Linaendelea kuota pembeni, likawa na umbo la kofia pana iliyobapa juu. Kila mwaka huongeza sentimita 1 hivi, na pete za miaka huonekana ukipiga eksirei kipande kilichokatwa, sawa na pete za mti. Ardhi ikizama taratibu, ukingo wa kofia huinuka mwaka baada ya mwaka kama bakuli. Ardhi ikipanda ghafla, juu hufa kwa siku chache na maisha huendelea chini kwenye kidato kipya. Ikipanda sana, tumbawe zima hufa, na pete ya nje kabisa ndiyo mwaka wa tetemeko.

Wanajiolojia Kerry Sieh, Danny Hilman Natawidjaja na wenzao walikata vipande hivyo kwa msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa haidroli, kando ya visiwa vya magharibi mwa Sumatra, wakapima umri kwa urani na thori, njia iliyo sahihi kuliko kaboni kwa matumbawe. Walikuwa kazini kabla ya 2004. Desemba 26 ya mwaka huo kaskazini mwa Simeulue ilipanda karibu mita 1.5, na Machi 28, 2005 Nias ikapanda karibu mita 3. Mashamba mazima ya matumbawe yalisimama juani. Kazi yao ina kasoro moja unayopaswa kuwaambia wanafunzi: bahari yenyewe hushuka kidogo miaka fulani, kwa mabadiliko ya hali ya Bahari ya Hindi, na kuua juu ya matumbawe bila tetemeko lolote. Ndiyo maana tumbawe moja si ushahidi. Yanahitajika mengi, ya visiwa mbalimbali, yenye kifo cha mwaka mmoja na vimo tofauti.

Tetemeko likitokea na maji yakaondoka, nitajuaje kama ardhi imepanda au tsunami inakuja? — Msomaji, Muscat

Hutajua, na usikae kuangalia. Machoni ni kitu kimoja: mwamba ulio wazi, samaki wanarukaruka. Mara nyingi yote mawili ni kweli kwa pamoja. Kwenu Ghuba ya Oman hili si la kubuni: Novemba 28, 1945 tetemeko la Makran, ukubwa wa 8.1, liliinua pwani ya Ormara, Pakistani, karibu mita 2, na tsunami yake ikafika Oman.

Ukitikiswa kwa muda mrefu, au hata kidogo lakini mtikisiko usiokwisha, ondoka kwa miguu kwenda mahali pa juu, usingoje tangazo. Watu wa Simeulue walirithi neno moja, smong, tangu tsunami ya 1907: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi, kimbilia mlimani. Mwaka 2004 watu 7 tu walikufa kisiwani humo, huku Aceh ikipoteza zaidi ya laki moja. Wimbi la kwanza si lazima liwe kubwa kuliko yote, na mengine hufuata kwa saa nyingi. Kaa juu hadi mamlaka iseme. Barnakli watakungoja.

Je, wavuvi hufanya nini pwani yao ikipanda? — Mvuvi, Lamu

Kaikōura, New Zealand, Novemba 14, 2016, takriban kilomita 110 za pwani zilipanda, nyingi kwa mita 1 au 2, na sehemu moja hadi kama mita 6. Mwani mkubwa ukakauka, na konokono wenye thamani waitwao pāua wakabaki juani kwa maelfu. Watu walijitolea kuwabeba na kuwarudisha majini.  Serikali ilifunga uvuvi wa pāua, ukafunguliwa tena Desemba 2021, baada ya miaka mitano. Sababu ya kufunga muda mrefu hivyo ni kwamba watoto wa pāua huishi kwenye maji machache kabisa, na sehemu kubwa ya ukanda huo ndiyo iliyopotea.

Usile wala kuuza kome waliokutwa wamekufa mwambani, hata wakionekana wazima. Joto la saa chache linatosha kuwafanya sumu. Na kwa mashua: kila kina kilichoandikwa kwenye ramani ya bahari ukipunguze kwa kiasi ardhi ilichopanda. Ardhi ikipanda mita 2, mlango wa mita 3 sasa ni wa mita 1 maji yakipwa. Miamba uliyozoea kuivuka bila kufikiri itakuwa imeinuka pia, lakini si yote kwa kiasi kimoja, kwa hiyo usichukue kipimo cha gati moja na kukitumia ghuba nzima. Ingia maji yakijaa, mwendo mdogo, mtu mmoja omoni, na tia bildi, kamba yenye uzito ya kupimia kina, njia nzima mpaka uijue upya.